Kengele Chini ya Michai

Mpaka leo nikinusa majani mabichi yaliyorundikwa yakapata joto, ile harufu ya katikati ya nyasi na uji uliochacha, natega sikio nisikie kengele. Msinicheke. Binamu yangu Gwamaka alinieleza kwamba mizizi ya michai yote ya Rungwe imeshikana chini kwa chini, kutoka kwetu Lupepo mpaka kiwandani. Ukiung'oa mmoja tu, kengele inalia kule, na gari linakuja kumchukua baba yako. Niliiamini habari hiyo kuliko Sala ya Bwana.

Na baba alikuwa mtu wa chai. Alisikia chai ndiyo fedha, akafyeka migomba yote ya mama, akapanda chai mpaka mlangoni. Ukifungua mlango kwa nguvu umeshachuma kilo mbili. Chakula tukanunua sokoni, na tukashiba vizuri tu, mpaka ulipoingia wakati wa soko huria, tulipoambiwa kila kitu sasa kitajiendea chenyewe. Gari la kiwanda la kubeba majani lilikuwa la kwanza kutii: likajiendea, halikurudi.

Tulichuma, tukapeleka kwenye banda la kupimia, tukangoja. Jioni ukitia mkono kwenye tenga, moto. Kesho yake majani yamekuwa meusi, tunamwaga. Tulikuwa na majani ya kufunika Mlima Rungwe wote, lakini hata mbuzi hakuyataka. Sisi tulikula viazi vya kuomba.

Mama hakugomba. Alikwenda kwao Kisiba, akarudi na machipukizi ya migomba kichwani, akayatua mbele ya baba, akaingia jikoni. Chipukizi halingoji mtu. Lisipopata udongo linakauka. Kulipokucha baba akachukua sururu.

Mchai wa kwanza ulitoka kwa tabu kama jino la tembo. Jirani yetu, baba Lugano, akasimama njiani.

"We bwana, unachimba kaburi?"

"Nachimba ndizi."

"Haya. Na gari likija kesho?"

Baba aliitazama barabara muda mrefu, kisha akainua sururu.

Mimi nilikaa kizingitini kungoja kengele. Mchai ukilala chini, namtazama baba, kisha barabara. Sikulia wala sikukimbia. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha, upo lakini si wako. Jioni alipokuja kula nilimwona kama mgeni ambaye kesho anasafiri. Mama alinipakulia, nikala, sikujua nimekula nini.

Gari halikuja. Migomba ikashika, ikazaa, tukaanza kula vya kwetu, na mimi nikajiambia kengele imeharibika.

Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, nimehitimu masomo ya jioni, na ndevu zangu, ndipo nilipomsimulia mama kisa hiki akimenya ndizi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka.

"Baba yako naye alikuwa anasikiliza," alisema. "Alitaka gari lije. Hata kama ni la kumkamata, angejua kuna mtu huko. Hapakuwa na kengele, mwanangu. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, na hawakutuma mtu kutuambia."