Nilimsingizia Mama Kuua Samaki wa Ukutani

Nimemsingizia mama yangu mzazi mauaji. Naanza na hilo ili mwenye hamu ya kunitukana aanze mapema.

Waliokufa ni samaki. Najua, umecheka. Hata mimi ningecheka kama yangetokea nyumba ya jirani. Lakini nisome mpaka mwisho, halafu useme mwenyewe kama bado unacheka.

Mimi ni mtu mzima, nina mke na mabinti wawili, na nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Tunduma. Mama yangu ni mjane. Anaishi kijijini Isansa kwenye kahawa yake, na magoti yamemchosha kupanda na kushuka ule mteremko. Nilipoanza kujenga nyumba nilimwahidi chumba. Akaja mwenyewe kwenye msingi, akachagua upande wa jua la asubuhi, karibu na choo. Kuta ziliposimama akarudi, akapima dirisha kwa uzi, akaenda kushona pazia kwa mkono wake.

Kisha mimi nikaenda Lusaka kibiashara. Laiti ningeugua siku hiyo!

Kwenye hoteli niliyofikia kulikuwa na bahari ndani ya ukuta. Si tangi la kuweka mezani, hapana. Ukuta wenyewe ulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo maji ya chumvi, matumbawe yanapepea kama maua kwenye upepo, samaki wa njano, wa buluu, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Nilisimama pale mpaka chai yangu ikapoa. Nikajiona mimi, mtoto wa Isansa, nimekaa sebuleni kwangu na ukuta wa namna ile nyuma yangu, na wageni midomo wazi.

Nikaulizia anayeutunza. Nikaonyeshwa bwana mmoja Mzambia, mpole, wanamwita Ba Mulenga. Kiswahili anakijua, alishafanya kazi Nakonde, ng'ambo ya mpaka wetu.

"Nyumbani inawezekana?" nikamuuliza.

"Inawezekana, ba boss, mukiwa na nafasi nyuma ya ukuta. Mashine zinataka chumba."

Nyuma ya ukuta wa sebule yangu kulikuwa na chumba kimoja tu. Mnajua cha nani.

Sikufikiria hata dakika tano. Huo ndio ukweli, na ndio unaoniuma. Ningesema nilikosa usingizi, nilisali, nilijadiliana na mke wangu. Wapi! Nilimpigia fundi simu nikiwa bado Lusaka, nikamwambia apasue ukuta.

Mke wangu aliuliza swali moja tu. "Na Mama?"

"Mama tutamwongezea chumba uani," nikajibu. Uani hapakuwa na hata tofali.

Basi Ba Mulenga akaja Tunduma, kazi ikaanza. Kioo kinene kilikuja kwa lori kimefungwa kwenye magodoro kama mgonjwa. Mimi kwa akili zangu nikadhani maji ya bahari ni maji na chumvi, nikaagiza mfuko wa chumvi ya mezani. Ba Mulenga alipouona alicheka mpaka akashika ukuta. "Awe, mukwai! Hapana, bwana! Hiyo ni ya mboga!" Kumbe kuna chumvi yake maalumu, inakuja kwenye ndoo, na maji yake yanachujwa kwanza. Kuna pampu za kusukuma mawimbi. Kuna kipasha maji, maana baridi ya Tunduma samaki wa bahari ya joto hawaiwezi.

Halafu maji yanatakiwa yakae wiki kadhaa bila samaki, yakomae. Wiki hizo zote wageni walikuja kutazama mawe yaliyolowa. Nikawa nawaeleza kwa kujiamini kabisa, kama vile bahari nimeumba mimi.

Na Mama alikuwa anapiga simu. "Mwanangu, chumba vipi? Nianze kufunga mizigo?"

"Bado, Mama. Rangi haijakauka."

Miezi mitano, wenzangu! Miezi mitano rangi haikauki! Mama alikuwa ananipa pole. Akaniambia nimbadilishe fundi rangi, huenda ananiibia.

Siku moja akachoka kusubiri, akaja. Alishuka na begi lake, mkungu wa ndizi, na lile pazia limekunjwa vizuri kwenye mfuko. Mimi nilikuwa dukani. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye ndoo ya chumvi katikati ya chumba chake, mapipa kulia, mabomba kushoto, mashine zinaunguruma.

"Kumbe kilishapata mtu," alisema.

Nikamwambia ni kwa muda tu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala na wajukuu zake. Kesho yake nikaona mke wangu ametumia lile pazia kufunika mapipa ya maji ili vumbi lisiingie. Nilitaka kumkemea. Akaniangalia. Nikaacha.

Ajabu ni kwamba Mama aliwapenda wale samaki kuliko mimi. Mimi niliwapenda wakiwepo watu. Yeye aliwasalimia kila asubuhi kwa Kinyiha, akawapa majina ya ndugu zetu. Yule wa njano mwenye kugombana na kila mtu alimwita jina la shangazi. Kulikuwa na kamba mwekundu mwenye mistari, anatembea juu ya mawe kwa vidole vya miguu. Huyo Mama alisema ni bibi harusi.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Niliandaa ibada ya kubariki nyumba. Nilimwalika mchungaji, wazee wa kanisa na wanakwaya. Nyumba ilikuwa kisingizio, nilitaka waone ukuta. Asubuhi ile nikaingia chumba cha mashine, nikakuta mende wawili wanakatiza. Mende, siku ya mchungaji! Nikachukua dawa ya kupuliza, nikapuliza pembe zote mpaka mimi mwenyewe nikakohoa. Nikafunga mlango, nikaenda kuvaa.

Ba Mulenga alishanionya. "Chumba hiki hakuna kupuliza dawa, ba boss. Pampu inavuta hewa, hewa inaingia majini." Nilimsikia vizuri kabisa. Sikusahau hata. Niliona tu kwamba mara moja haidhuru.

Wageni wakaja, wakastaajabu, roho yangu ikanawiri! Mzee mmoja aligusa kioo kwa kidole akauliza kama ni televisheni. Tukaimba, tukasali, tukaletewa chakula. Tukiwa tunakula, binti yangu mdogo akasema, "Baba, bibi harusi amelala chali."

Nikageuka. Kamba alikuwa chali, miguu inatetemeka. Yule wa njano alikuwa anaogelea upande. Wale wa rangi ya chungwa walikuwa juu kabisa, midomo inapanuka na kufunga. Mbele ya watu wote, mmoja mmoja, bahari yangu ikaanza kufa.

"Nani ameweka kitu humu?" nikapiga kelele.

Halafu Mama akasema taratibu, "Niliwapa kitonge cha ugali, baba. Niliona sisi tunakula na wao wanatutazama."

Mungu anisamehe kwa nilichosema.

"Mama! Umeniulia! Umeniulia samaki! Hii siyo mifugo yako ya Isansa! Nani alikwambia uguse vitu vya watu?"

Vitu vya watu. Nilimwambia mama yangu hivyo, kwenye nyumba ambayo alichagua upande wa jua, mbele ya mchungaji aliyemjua tangu alipohudumu Isansa. Mama hakulia. Aliweka sahani yake chini, akakunja mikono mapajani. Mchungaji akawa anaitazama soda yake kana kwamba kuna andiko ndani. Mzee mmoja akapendekeza tufunge kwa sala. Mpaka leo sijui tuliombea nyumba au marehemu.

Walipoondoka nikampigia Ba Mulenga, aliyekwisharudi Lusaka. Nikamweleza habari ya ugali.

"Kitonge kimoja? Awe. Ugali unachafua maji, lakini hauui wote kwa muda mfupi hivyo. Nani alianza kufa?"

"Kamba."

"Ba boss, mulipuliza dawa?"

Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha mashine. Kopo la dawa lilikuwa dirishani, lina picha ya mende amelala chali, miguu juu. Vilevile kama bibi harusi.

Nikamwambia Ba Mulenga, "Hapana." Nikakata simu. Nikalifunga lile kopo kwenye mfuko, nikalipeleka kulitupa mbali kama mtu anayeficha kisu. Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo vya wageni. Nilipita nyuma yake. Ilikuwa ni sentensi moja tu! Nikapita.

Alirudi Isansa kesho yake. Alisema mbegu zinamsubiri.

Mwezi wa pili baada ya hapo, katikati ya baridi, akatokea tena. Amebeba ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa matundu. Ndani kulikuwa na perege sita wazima. Jirani yake Isansa ana bwawa la samaki, na Mama, kwa magoti yale, alikuwa amemchumia kahawa siku tatu ili apewe hao sita.

"Nimekuletea wa kufidia," akasema. "Si wazuri kama wale. Lakini hawa ugali wanakula."

Wenzangu, nilitamani ardhi inimeze. Perege ni wa maji baridi, kwenye chumvi hawaishi. Hilo sikumwambia. Wala la dawa sikumwambia. Nilisema, "Asante, Mama. Wacha wapumzike kwanza kwenye ndoo."

Lakini kilichonimaliza si ndoo. Ni kwamba siku ile nzima Mama hakugusa kitu. Alitaka maji, akamwomba mjukuu amchotee. Giza likaingia, akakaa nalo mpaka mke wangu alipokuja kuwasha taa. "Nisije nikaharibu," alisema. Mwanamke aliyenilea kwa jembe anaogopa swichi ya mwanawe!

Alipoondoka, tuliwakaanga wale perege. Baadaye nikang'oa mashine na kuuziba ukuta, lakini Mama sikumwambia.

Hapo ukafunguka ukurasa mwingine wa uongo. Kila wiki anapiga: "Samaki wangu hawajambo?" Namjibu hawajambo. "Wamekua?" Wamekua. Siku moja nilikuwa na wateja wengi, akauliza, "Wamezaa?" Nikasema ndiyo ili akate simu. Jamani, alifurahi huyo! Baada ya siku nne akanipigia kwamba akina mama wa kanisani Isansa wanachangishana nauli waje kuwaona watoto wa samaki wake.

Nikamweleza mke wangu. Alicheka kicheko kibaya. "Waambie ni mapacha," akasema. Halafu akaacha kucheka. "Harufu ya dawa niliisikia siku ile ile. Nilikuwa nasubiri uanze wewe. Nimesubiri mpaka nimeanza kukusahau ulivyokuwa."

Nilikwenda Isansa siku iliyofuata. Nilimkuta Mama anageuza kahawa kwenye kichanja, anatoa punje mbovu. Nikasema yote nikiwa nimesimama: dawa, kopo, simu ya Ba Mulenga, perege. Mikono yake haikusimama.

"Na hao perege, mliwatupa?"

"Tuliwala, Mama."

"Walikuwa watamu?"

"Ndiyo, Mama."

"Afadhali hao."

Nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Ndipo akaacha kahawa, akanitazama.

"Mwanangu, ulinifokea mbele ya mchungaji na wazee. Leo unaniomba radhi huku porini. Hapa nani amekusikia? Kuku? Mimi miezi yote hii nikiingia kanisani watu wananiuliza habari za samaki. Nenda ukayaseme mbele ya wale wale waliokusikia."

"Chumba chako nimekitoa mashine, Mama. Ukuta nimeuziba. Njoo tu ukae."

"Nitakuja wakishajua."

Akarudi kwenye punje zake. Mazungumzo yakaishia hapo.

Ni kweli, ukuta nimeuziba. Kioo nilimpa bure mtu wa duka la simu. Kitanda kipo, pazia limefuliwa limepachikwa, jua la asubuhi linaingia. Hakuna anayelala humo.

Nimeshamwona mchungaji, nikaomba kusema neno mbele ya waumini. Hakuniuliza ni la nini, amenipa nafasi kanisani Jumapili hii baada ya matangazo. Ndiyo maana naandika hapa, bila jina, kama mwoga ninavyojijua. Nataka nijaribu kwanza kama maneno haya yanaweza kutoka. Yametoka. Bado sijui kama yatatoka nikiwa nimesimama na suti mbele ya watu.

Wewe unayenisoma, kama kuna mtu amebeba kosa lako, mwondolee leo, wakati bado ni sentensi moja. Na kama ulimvunjia heshima mbele za watu, usimfuate kumbembeleza pembeni. Watafute watu wale wale, uwakalishe, useme.

Na kama uko Tunduma na umeshanitambua, tafadhali, usiseme kitu. Njoo Jumapili, ukae mbele.