Kalenga Alipopewa Bendera

Siku yangu ya kwanza kwenye reli, hapa Kamina, nilikabidhiwa mtaimbo wa kushindilia mawe chini ya mataruma, yaani boriti zilizolazwa kubeba vyuma vya reli. Jua halijapanda, nikamwona kapita wetu, yaani msimamizi wa kikosi, Kalenga, akimchapa Ngoy kwa fimbo ya ngozi ya kiboko, kwa sababu homa ilimkalisha chini. Baadaye nami nilichapwa, si mara moja. Jioni Ngoy, aliyekuwa katekista wa kambi, alimwombea Kalenga. Sikuitikia amina.

Miaka ikapita. Shefu wa seksyoni, Mzungu aliyesimamia vikosi vya upande wa Bukama, alinifanya kapita. Kalenga alikuwa amekosana naye, akavuliwa cheo na kuletwa kwangu kama kibarua. Nguvu za mtaimbo hakuwa nazo tena.

“Kapita, umupige, naye asikie,” watu wangu waliniambia.

Nilimpa bendera nyekundu na baragumu: kazi ya mlinzi, anayesimama penye kona na kutuonya treni ikija.

“Alituvunja migongo,” mmoja wao, Kabamba, alisema. “Leo tumupatie roho zetu?”

“Minyi nitatumika upande wa kona,” nilijibu, yaani mimi mwenyewe nitafanya kazi karibu zaidi na kona. “Treni ikikuja, itaanza na minyi.”

Niliogopa. Lakini Bwana wetu aliosha hata miguu ya yule ambaye Yeye alijua atamsaliti, nami nilikuwa nikilikiri jina lake kila Jumapili.

Siku moja ya mvua kubwa, treni ya mizigo ilikuja nje ya saa zake. Baragumu halikusikika. Kalenga akakimbia juu ya mataruma kutufuata, akipunga bendera, akaanguka na kupasuka goti. Tulimwona, tukaruka sote nje ya reli. Ngoy ndiye aliyemfunga jeraha.

Alipoweza kutembea, Kalenga alizunguka kambini nyumba kwa nyumba kuomba msamaha. Kabamba alimfungia mlango. Kwetu, mke wangu alimpakulia bukari, ugali wetu, na samaki waliotoka Kinkondja.

“Zamani nilizani fimbo njo bukapita,” Kalenga aliniambia, yaani kwamba fimbo ndiyo ukapita, akamega bukari.

Vijana mnaonisikiliza, cheo kinaweza kumharibu mtu, na Mungu anaweza kumtengeneza tena polepole. Nilipostaafu, nilimpendekeza Kabamba ashike kikosi, maana hakuwahi kumwonea mdogo. Siku ya kuagana aliniuliza kama Kalenga angekubali kuja kula kwake.

“Wende umuulize mwenyewe,” nikasema.

Akaenda.