Atieno Apige wa Nne

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizocheza, mwanangu, na wala sikuipenda. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, uwanjani kwetu mtaa wa Jericho, nikaupiga mpira wa besiboli kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Ukaruka juu ya kila mtu, ukavuka ukuta, ukatua kwenye paa la bati la jirani yetu, Mama Wambui, kwa kishindo. Kwingineko watu wangeshangilia. Kwetu, kocha aliinua mkono akasema, "Umetoka."

Usicheke, Kevo, nikikuita mwanangu, wewe unayeniita Siz kama dada yako. Sina mvi hata moja. Lakini leo wewe ni nahodha, na mimi ndiye niliyekufundisha kushika gongo. Aliyekufundisha ni mzazi wako kidogo. Nisikilize.

Ile sheria unaijua, maana mnaitumia hadi leo: mpira ukivuka ukuta, aliyeupiga ametoka, amepoteza zamu yake. Haikuwa sheria ya kijinga. Tulikuwa na mpira mmoja tu, na ukitumbukia mtaroni, mchezo umekwisha.

Siku hiyo Mama Wambui alitoka nje na mpira wetu, mikono imejaa unga. Wenzangu walikaa tayari kukimbia.

"Nani amenipigia bati?"

Nilijitokeza nikilia.

"Ni wewe? Na kamkono haka? Sasa unalia nini?"

"Ametolewa, Mama," kocha akaeleza. "Ni sheria yetu. Uwanja ni mdogo."

Mama Wambui alimtazama kama mtu aliyemletea sukuma wiki iliyooza. "Kwa hivyo uwanja ni mdogo, na anayeadhibiwa ni mtoto? Wee mwalimu! Mtu anatolewa kwa kuweza?"

Watu walicheka, kocha naye akacheka, na mchezo ukaendelea. Tangu siku hiyo nilipangwa wa mwisho katika zamu za kupiga. Nami ni mtu wa hofu, mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa, basi nilijifunza kuugusa mpira taratibu uanguke karibu. Nilijifunza vizuri mno. Miaka baadaye nilijifundisha mchezo upya kwa video za simu, nikiangalia tena na tena vile kiuno cha mpigaji kinavyogeuka. Haikusaidia. Kila nikishika gongo, mabega yangu hukumbuka lile bati. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Mimi nilikunjwa, nikakaukia hapo.

Ndiyo sababu jana uliponionyesha mpangilio wa wapigaji wa Jumapili nilitafuta kwanza jina moja tu. Atieno, wa tisa. Wa tisa, Kevo! Jumapili hatuchezi Jericho. Tunacheza Donholm, kwenye uwanja wa shule usio na bati karibu, na huko mpira ukivuka mstari, mpigaji anarudi nyumbani, pale alipopigia, akitembea, pamoja na wenzake wote waliokuwa wakisubiri kwenye vituo, kila mmoja na pointi yake. Hiyo ni kazi ya mpigaji wa nne, maana watatu wamemtangulia vituoni. Atieno ana mkono wa kuvusha mpira, nawe umemtupa mkiani, apate zamu chache kuliko wote.

"Siz, ni vile tumezoea," ukaniambia. "Halafu tukimpandisha atavimba kichwa. Si unajua, mgema akisifiwa?"

Mgema gani? Hajasifiwa hata siku moja! Tembo lipi hilo atakalolitia maji? Mcheza kwao hutunzwa, lakini Atieno akivusha ukuta hapa kwetu hutolewa. Huja kwa miguu kutoka Mukuru kwa Reuben, siku yake pekee ya kupumzika na kazi ya kiwandani, na mabega yaliyobeba makatoni wiki nzima. Juzi alikuwa akifunga kamba za viatu, akaniambia bila kuinua macho, "Nikipangwa wa tisa tena, narudisha glavu. Nitalala Jumapili kama watu wengine."

Hakuwa anatania. Na kuna lililonitia uchungu zaidi. Katika mazoezi ya mwisho nilimwona akitazama ukuta kwanza, kisha akalegeza mikono, akaugusa mpira taratibu. Ninyi mkampigia makofi. Mimi nilijiona mwenyewe.

Nakiri, tangu hapo chai yangu inapoa kikombeni nikipanga majina yenu kichwani, nikiyapangua. Huenda nimekosea. Huenda Jumapili akapiga hewa kila zamu, na wewe unicheke mbele ya mtaa wote. Basi apige hewa akiwa wa nne.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Sheria iliyozaliwa na ufinyu wa uwanja, usiibebe hadi kwenye uwanja mpana. Usimpime mtu kwa ukuta aliokuta umeshajengwa. Ukiogopa kupoteza mpira, tafuta mpira mwingine, usimkunje mpigaji. Chanda chema huvikwa pete, hakikatwi kwa sababu glavu ni ndogo. Jumamosi ukikaa kuandika upya mpangilio, anza na jina la Atieno pale kwenye nne. Mengine yatajipanga. Na mwambie wewe mwenyewe, kabla hajarudisha hiyo glavu.

Mungu akupe moyo mpana kuliko uwanja uliokulea. Aubariki mkono wako unaopanga, na wa Atieno unaopiga. Na mpira wa Jumapili ukipotea, upotee mbali, na aliyeupoteza arudi nyumbani akitembea.