Mfungo wa Maneno wa Bekhor Shaltiel

Miaka ile usingepita mbele ya duka la Bekhor Shaltiel, fundi magodoro wa mji wa Safed, kule milima ya Galilaya, bila kusimamishwa. Atakuuliza umeamkaje, mkeo kaamkaje, goti la mama mkwe limeendeleaje, na ole wako umjibu kwa kutikisa kichwa. "Sema!" atakukemea. "Mdomo umepewa wa nini, wa kutafunia zeituni tu?" Vijana wa mtaani walimbandika jina la Redio na yeye akacheka nao. Wangejuaje wale kwamba mtu huyuhuyu aliwahi kunyamaza, na kunyamaza kwake kukamtoa machozi ambayo hayajakauka mpaka leo?

Bekhor alizaliwa palepale Safed, kifungua mimba wa mama yake. Baba yake alikuwa fundi magodoro, na babu yake vilevile. Alipelekwa kwa mwalimu kama kila mtoto wa Kiyahudi, akajua sala zake na kusoma Torati ya juma, kisha baba akafa na ile sindano ndefu ikamwangukia yeye. Basi masomo yakaishia hapo. Kazi yenyewe ilikuwa ya vumbi: kufumua godoro la watu, kuitoa sufu iliyogandamana kwa jasho la miaka, kuiosha, kuianika juani, kuichambua kwa vidole mpaka ivimbe tena, halafu kuishindilia na kushona. Akamwoa Reina, binti wa muuza jibini, mwanamke wa cheko na ulimi mwepesi. Hawakujaliwa mtoto. Jambo hilo hawakulizungumza, kila mmoja alilibeba kivyake.

Kilichomponza ni mito ya sinagogi. Hakhamu Siman-Tov, rabi mzee aliyekuwa akifundisha Kabala, elimu ya siri za Mungu, kwa watu wachache kila alasiri, alimwita aje kujaza upya mito ya kukalia. Bekhor akakaa pembeni na sufu yake, sindano ikienda na kurudi, masikio yako kwa mzee. Na alichokisikia kilimwingia hadi kwenye mifupa. Kwamba yuko Asiye na Mwisho, ambaye hakuna jina linalomtosha. Kwamba kutoka kwake ilishuka mianga kumi, kila mmoja ukiumiminia ule ulio chini yake, na wa mwisho, wa kumi, ndio Ufalme, ambao ndio Malkia, ndio Bibi Arusi wa Sabato, na tena ndio unaoitwa Mdomo, kwa kuwa dunia iliumbwa kwa kutamkwa. Kwamba hapo mwanzo vyombo vilipasuka kwa kuzidiwa na nuru, cheche zikatawanyika kila mahali, na mtu akitimiza amri ya Mungu kwa nia safi huokota cheche moja na kuirudisha kwao.

"Hata kwenye sufu zimo, hakhamu?" Bekhor alishindwa kujizuia.

"Hata kwenye sufu inayonuka," alijibu mzee. "Ndiyo maana usiwapunje watu kwenye uzito."

Wakacheka wote. Bekhor akaomba aruhusiwe kukaa darasani kama wengine. Hakhamu Siman-Tov akamtazama kwa upole.

"Sheria umeshiba, mwanangu?"

"Nimeionja, hakhamu."

"Basi rudi ukashibe kwanza. Siri ni mvinyo. Anayeunywa na tumbo tupu huanguka. Watu hudhani Kabala ni dini nyingine, iliyo tamu kuliko hii yetu ya kila siku. Siyo. Sheria ni mwili, siri ni roho yake. Na roho isiyo na mwili, unajua tunaiitaje? Mzuka."

Wakacheka tena, na safari hii Bekhor alicheka kwa midomo tu. Moyoni alichubuka. Angekwenda kukaa na wale waliokuwa wakisoma sheria asubuhi mambo yangekuwa mengine, lakini nani kati yetu hupenda kuanza na kuta wakati paa ndilo linalong'aa? Kila alasiri alitafuta kisingizio cha kushona mto mmoja zaidi. Akaokota neno hapa na neno pale, akaenda nayo nyumbani.

Reina alimtania. "Bwana wangu, leo uko kwenye mwanga wa ngapi? Ukifika wa kumi teremka, supu inapoa." Naye hucheka, huteremka, hula. Walipendana wale, asikudanganye mtu. Tatizo la Bekhor ni kwamba hakuwahi kulisema hilo. Alidhani godoro alilomshonea mkewe kwa sufu teule lilikwisha kusema.

Kisha moyo wa Reina ukaanza kumsumbua. Ngazi za Safed, anazozipanda mtu tangu utoto bila kuzifikiri, zikawa mlima kwake. Daktari akasema moyo umechoka, alale, asihangaike, na alipomsindikiza Bekhor mlangoni akamshika bega kwa namna ambayo Bekhor hakuipenda hata kidogo.

Ndipo alipokumbuka jambo alilolisikia akiwa na sindano mkononi: watu wa zamani walikuwa wakifunga maneno. Siku arobaini mtu hasemi ila sala na maandiko, na kila neno la dunia analolimeza ni cheche inayookolewa. Akajisemea, kama Mdomo ndio mlango wa rehema zote kushuka, mimi nitausafisha mlango huo, na rehema itashuka juu ya Reina. Hakumuuliza hakhamu wala mtu yeyote. Hata Reina mwenyewe hakumwambia kwamba anafunga kwa ajili yake, maana alikuwa pia amesikia kwamba sadaka ya siri ndiyo yenye nguvu. Jamani, masikio haya! Yanaokota kila kitu isipokuwa kile kinachohitajika.

"Reina, kuanzia kesho nafunga maneno," alimwambia. "Siku arobaini. Sala nitasali kwa sauti, mengine usiniulize."

"Kwa nini tena?"

"Mambo ya huko juu."

"Ya huko juu," Reina alirudia. Alikuwa amelala kwa ubavu. "Na haya ya huku chini nitaongea na nani? Ukuta?"

Bekhor akatabasamu, maana alidhani ni utani wa siku zote.

Alifunga kweli. Wateja walimwonyesha kwa vidole upana wa godoro, naye akawajibu kwa vidole. Nyumbani alimpikia Reina, akamwosha miguu, akamgeuza kitandani, na midomo yake ikawa haina kazi ila Zaburi. Kuna jioni Reina alimshika mkono wakati anamtandikia shuka.

"Bekhor, nataka kukuuliza, nawe unijibu. Maisha yetu haya, bila mtoto, mimi na mdomo wangu huu, wewe na sufu yako. Ulifurahi na mimi?"

Bekhor akatikisa kichwa kukubali, kwa nguvu, mara nyingi.

"Sitaki kichwa. Kichwa hata punda hutikisa. Nataka nilisikie."

Neno lilimfika kooni. Lakini mfungo ulikuwa umepita nusu, na akaona akilitoa neno hilo moja, zile siku zote zitamwagika chini na Reina atakufa. Akaweka kidole midomoni, akanyoosha kingine kuelekea juu, kama mtu anayesema: subiri kidogo. Reina akauachia mkono wake.

Djoya, jirani yao wa mlango wa pili, mjane asiyemwogopa mtu, aliposimuliwa na Reina jambo hilo alichukua kilemba chake akaenda moja kwa moja kwa Hakhamu Siman-Tov. Mzee alisimama bila kumaliza kahawa yake. Ijumaa asubuhi alikuwa uani kwa Bekhor pamoja na wanaume wawili, kwa kuwa nadhiri hufunguliwa mbele ya watu watatu.

"Nani kakufundisha kufunga hivi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa kuliko aliyekasirika. "Mtoto anayeanza darasa anajua kwamba mgonjwa hutangulia nadhiri. Sikiliza, hatukuja kukugombeza. Sisi ni watatu, tutakufungua sasa hivi. Ila sheria inataka neno moja kutoka kwako. Nadhiri haifunguliwi bila majuto. Sema 'najuta', basi, uingie ndani ukaongee na mkeo."

Bekhor akarudi nyuma hatua moja. Laiti wangemwomba neno lingine lolote! Maana katika yale aliyoyaokota mlikuwa na hili pia, na hili ni la kweli: mtu akijutia jema alilolitenda, thawabu yake yote hupotea. Yeye ajute? Azifute kwa ulimi wake siku zote alizozimeza kwa ajili ya Reina, na moyo wa Reina unadunda kwa siku hizo? Akatikisa kichwa: la.

"Bekhor, nakusihi."

La.

"Ule mwanga wa kumi unaitwa Mdomo," alisema mzee, macho yakimlengalenga. "Unadhani unautengeneza kwa kuufunga? Malkia unayemtafuta yuko nyuma ya ukuta huu, amelala." Wale watatu wakaondoka taratibu, wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi wa mawe.

Kuna kitu kilichomdanganya Bekhor siku ile. Mchana Reina alikunywa supu yote, akaomba achanwe nywele, rangi ikamrudia mashavuni. Bekhor akaona ishara: mfungo umefanya kazi, kumbe nilifanya vyema kukataa. Jua lilipoanza kushuka akavaa nguo zake nyeupe, akamwachia Djoya zamu, akatoka na wanaume wenzake hadi kwenye mteremko wa kilima kumpokea Bibi Arusi wa Sabato, kama watu wa Safed wanavyofanya tangu enzi za mababu. Na kwa kuwa wimbo wa kumpokea ni sala, mdomo wake ulikuwa huru. Aliimba! Aliimba kwa koo lililofungiwa kwa siku nyingi, mpaka waliokuwa karibu naye wakageuka kumwangalia. Alimwita Bibi Arusi aingie, akainama kulia na kushoto, machozi ya furaha yakamtiririka. Tangu azaliwe hakuwahi kusali namna ile.

Aliporudi alimkuta Djoya kasimama mlangoni. Taa za Sabato zilikuwa zinawaka mezani, na Djoya hakumpisha mara moja.

Watu hunena kwamba majuto ni mjukuu. Bekhor hakuwa na mtoto, lakini majuto hayakumkosa. Reina alizikwa Sabato ilipotoka. Ule mfungo ulikuwa bado na siku zake, ila hakuna aliyezihesabu tena. Bekhor akakaa chini sakafuni, shati limechanwa kifuani, soksi bila viatu, kama inavyompasa mfiwa kwa siku saba.

Na kwetu sisi Wayahudi, anayeingia nyumba ya matanga hamsemeshi mfiwa. Anaketi, anangoja. Mfiwa ndiye anayefungua mazungumzo, na asipoyafungua hakuna wa kumfungulia. Nyumba ilijaa watu: wateja, watu wa darasa la alasiri, wauza jibini wa upande wa mkewe, na Hakhamu Siman-Tov mbele kabisa, kwenye kiti kifupi. Wote kimya. Walikaa wakaondoka, wengine wakaja wakakaa. Siku ya kwanza ikapita hivyo. Bekhor aliwatazama mmoja mmoja, na pengine hapo ndipo alipoonja kidogo yale aliyoyaonja Reina katika chumba kilekile.

Siku ya pili Djoya alikuwa akipitisha mayai ya kuchemsha na dengu. Alipoinama kumwekea sahani, Bekhor akafungua mdomo. Sauti ilitoka imekwaruza, na wote chumbani wakainua vichwa.

"Djoya. Mwishoni alisema nini?"

Djoya akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye aproni. Angeweza kumwonea huruma akatunga kitu. Hakuwa mwanamke wa kutunga.

"Dirisha lilikuwa wazi, mkisikika kutoka kilimani. Akaniambia, 'Sikia, huyo ni Bekhor wangu. Sauti anayo, kumbe.' Nikamwambia akirudi mimi mwenyewe nitamtoa jibu kwa makofi. Akasema, 'Mwache, Djoya, usimsumbue. Ana kazi kubwa kuliko mimi.' Akageukia ukutani. Ndiyo hayo tu."

Bekhor akashika ukingo wa sketi yake kama mtoto.

"Ilikuwa ni yeye," alisema. "Djoya, ile kazi ilikuwa ni yeye. Siku zote zile zilikuwa zake. Na nilifurahi naye, Mungu shahidi, hakuna siku sikufurahi naye."

Machozi yalimdondoka Djoya, wala hakuyafuta.

"Na hayo," alisema, "unaniambia mimi?"