Rozari Iliyokatwa Kwenye Picha

Baba wa nyumba ya jirani alipofariki, kilio kiliwekwa uani kwao, hapa mtaani Hewa Bora, Lubumbashi. Alikuwa mzee wa reli, Mkatoliki wa kweli kweli. Kwetu ni Waislamu, lakini ukuta wa katikati yetu nimeuruka tangu utoto, kwa hiyo sufuria ya bukari, ugali wetu, ilikuwa yangu bila kuulizwa. Wanawake walikaa chini kwenye mikeka, vitenge kichwani, mjane katikati na rozari mkononi. Wanaume walikuwa upande wao, kwenye viti vya plastiki. Ndivyo tunavyowalilia watu wetu, wa msikiti na wa parokia.

Siku ya pili akaja mzungu kijana mwenye kamera, pamoja na mkalimani. Alitafuta habari za Waislamu wa Lubumbashi na akaelekezwa kwetu. Alipokuta geti letu limefungwa, akafuata sauti za kilio. Aliomba ruhusa kwa adabu, akamwachia mjane namba ya simu, na mjane akakubali, akidhani atapata ukumbusho. Mimi nilikuwa nyuma ya wanawake, hijabu ya njano, mwiko mkononi, nacheka, maana shangazi mmoja alikuwa anaiga marehemu alivyotupigia filimbi kama treni.

Mkalimani akanigusa bega. "Yaya, dada yangu, sogea kidogo. Unamuharibia picha."

Nikasogea. Hilo linaniuma mpaka leo.

Baada ya wiki mbili picha ikafika kwenye simu yangu, jamaa mmoja aliiona mtandaoni. Mjane amekatwa kifuani, mikono haionekani. Chini yake, kwa Kifaransa: wanawake wa Kiislamu wa Katanga, waliotengwa na wanaume, wasio na sauti.

"Soma tena," mjane akaniambia. Nikasoma.

"Miye, Mwislamu?"

"Ndiyo, mama."

"Na sina sauti?" Huyu ni mama ambaye wauza samaki wa barabara nzima wanamwogopa. "Mwana yangu, bwana yangu angesikia hii, angeamuka acheke kwanza." Halafu akalia. "Alikufa na rozari yetu mu mukono. Bameikata. Sitaki bamuzike mara ya pili na uongo."

Shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari na Kifaransa changu kinachechemea, lakini usiku ule ule nilimwandikia yule kijana kwa namba aliyomwachia mjane: "Bwana, kwenye picha yako hakuna Mwislamu. Mwislamu ni mimi, uliyenisogeza. Nilikuwa nacheka. Na kingekuwa kilio chetu, tungekaa chini vilevile, na sauti tungekuwa nayo vilevile. Rudisha rozari ya mama, andika ukweli."

Akajibu: samahani, picha imeondolewa. Basi. Hakuandika mstari mwingine.

Mimi nikashangilia. Mjane hakushangilia. "Bameitosha tu? Kuiondoa tu? Na ile ya kweli iko wapi?"

Kwa hiyo siku ya kumaliza matanga akatandika mkeka mwenyewe, akainua rozari mpaka kidevuni, akaniita. "Kuya na weye. Na mwiko yako." Nikakaa, hijabu ya njano, bega kwa bega naye. Mwanawe akatupiga picha kwa simu yangu, na chini yake nikaandika: Mkatoliki mmoja, Mwislamu mmoja, mkeka mmoja, sauti mbili.

Nikaituma kwa namba ile. Yule kijana hajajibu. Si neno, Ijumaa bado ziko nyingi, na kila Ijumaa nikitoka msikitini naituma tena.