Siku Niliyoita Maji Mara Mbili

Wakati wa vita nilikuwa nauza maji ya kunywa karibu na gare ya Kindu, kituo cha treni. Kwetu maji tunayaita mayi, na wapiganaji wa porini waliitwa Mayi-Mayi, kwa sababu walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate. Mji ulikuwa mikononi mwa maadui wao. Kwa hiyo niliita "Mayi!" mara moja tu, kisha nikanyamaza.

Asubuhi moja wateja walikosekana, nikajisahau. "Mayi! Mayi!"

Watu walitimua mbio, wakaacha mihogo yao chini. Askari mmoja akanielekezea bunduki kifuani.

"Wako wapi?"

"Nani, baba?"

"Hao unaita!"

Mama aliyeuza chikwange, mikate ya muhogo, kando yangu akainuka polepole, akachota kwa kikombe cha bati kwenye ndoo yangu, akanywa mbele yake.

"Njo hii tu anaita, mwanangu. Mayi ya kunywa."

Askari akaomba naye. Alipokunywa, meno yake yaligonga bati. Kumbe aliogopa kuliko mimi.

Leo jirani yangu hapa mtaa wa Mikelenge, mfyatua matofali, alikuwa mmoja wa wale wa porini. Juzi alilalamika.

"Mama, zamani jina hilo lilikuwa heshima. Sasa mutoto akiiba kuku wanamwita Mayi-Mayi."

Nilitaka kumsimulia habari ya yule askari, lakini ningelazimika kutamka "Mayi" mara mbili. Nikamuuliza bei ya matofali.