Picha Ambayo Mashine Haikuibeba

Mchapaji wa kona yetu alikuwa mjane asiyetupa kitu. Kazi yake kubwa ilikuwa vijitabu vya mazishi, na kompyuta yake ilikuwa imechoka. Ukiipa picha nyingi inaganda. Wateja aliwaambia ukweli: chagueni chache, mashine haibebi.

Asubuhi moja akaja mwana mkubwa wa seremala aliyefariki, wanazika kesho yake. Neno hilo alilipokea kama zawadi. Basi, akasema, ile ya mtoto wa nje iachwe. Mtoto mwenyewe ni binti wa mama mwingine, ndiye aliyemuuguza mzee mpaka pumzi ya mwisho, na picha aliyopiga naye ni hiyo moja tu. Binti huyo alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia, akaondoka.

Mchapaji hakumlaumu mtu, mteja ni mteja. Ila hakupenda mashine yake iazimwe kama kisu. Akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa kompyuta, akatoa kipande cha memori, kile kinachoipa mashine nguvu ya kubeba, akakifunga kwenye leso na kwenda kwa fundi. Fundi akamshauri anunue kompyuta nyingine; asiposhauri hivyo atakula nini? Mama wa watu akaonyesha kwa kidole mashine mbovu iliyolala chini ya meza, akaomba memori yake. Akavilinganisha vipande viwili, pengo la ukingoni kwa pengo, maana pengo lisipolingana hata cha bure ni hasara.

"Utaiunguza, mama," fundi akasema.

"Nitaunguza yangu. Wewe punguza bei."

Akapunguza.

Alipovichomeka vyote viwili, kompyuta ililia tu, kioo cheusi. Mchapaji akazima, akakitoa kile cha mtumba, akakisugua meno yake ya shaba kwa raba ya penseli, akakisukuma tena mpaka vishikizo vikabana pande zote. Ikawaka. Picha zote zikafunguka.

Jioni kaka mtu akapitia kurasa, akasimama kwenye moja: mzee kitandani, mkono wake juu ya mkono wa binti.

"Si ulisema mashine haibebi?"

"Ilikuwa haibebi. Sasa inabeba. Ukitaka itoke nitaitoa, lakini useme wewe. Mimi na mashine hatumo."

Akaiangalia sana ile picha. Kusema itoke, hakusema.

"Chapa," akasema mwishowe.

Kesho yake binti alisimama kaburini na kijitabu mkononi, upande wa wafiwa.